Tairi Pana Nyuma: Niliyojifunza Nikijenga Boxer ya Mwalimu

Vijana wanaokuja karakanani kwangu hapa Kondele, Kisumu, wakitaka tairi pana huja na picha kwenye simu. Pikipiki ya pichani imekatwa mkia, ina kiti cha mtu mmoja na hendeli fupi, na nyuma limekaa tairi nene linalojaza nafasi yote chini ya kiti. Swali huwa ni lile lile: "Fundi, hili litaingia kwa yangu?" Humwambia mtu akae, tufungue gurudumu, tupime. Kuingia litaingia. Tairi ni mpira, ukilisukuma kwa nguvu litapata pa kupita. Ninalotaka kujua mimi ni kama litakaa katikati ya pikipiki, kama cheni itapita bila kuligusa, na kama breki itabaki na nguvu yake.

Nimefunga mengi, lakini kazi iliyonifundisha zaidi ni Boxer 150 ya mwalimu mmoja wa fizikia anayefundisha sekondari upande wa Maseno na kuishi hapa Kisumu. Ililetwa ikiwa tayari na tairi la 130 nyuma, yaani upana wa milimita 130, lililofungwa kwenye karakana nyingine. Mwalimu alilalamika mambo mawili: pikipiki ilikuwa ikivuta upande mmoja barabara ikiwa nyoofu kabisa, na akipakia mtu alisikia kitu kikisugua nyuma. Niliinama nikaona ubavu wa kushoto wa tairi umechimbwa mfereji na cheni, mzunguko mzima, nyuzi za ndani zikianza kuchungulia. Tairi la namna hiyo halitoi onyo lingine. Likipasuka uko kwenye mteremko wa Riat ukishuka Mamboleo, hakuna ufundi wa dereva utakaokuokoa.

Aliyelifunga alikuwa ameona cheni inagusa. Badala ya kutatua upande wa cheni, alilegeza spoki za kushoto na kukaza za kulia hadi rimu ikahamia kulia karibu milimita 5. Cheni ikapata upenyo kidogo, mteja akaondoka akifurahi. Lakini gurudumu la mbele na la nyuma sasa yalikuwa hayafuatani kwenye mstari mmoja, na cheni iliyolegea kidogo tu ilirudi kusugua palepale. Isitoshe, tairi la 130 lilikuwa limebanwa kwenye rimu ileile nyembamba ya kiwandani, iliyopigwa chapa ya 1.60. Upana wa rimu husomwa kwa inchi, 1.60 ni kama milimita 41. Tairi la upana huo huhitaji rimu ya inchi 3 na zaidi. Likibanwa kwenye rimu ndogo, kingo zake huvutwa ndani na mgongo wake unainuka ukawa mviringo mkali. Nilimwonyesha mwalimu: katikati mpira ulikuwa umeisha, na sentimita kadhaa kila upande zilikuwa bado na vile vinyweleo vya kiwandani. Alilipia upana ambao haukuwahi kugusa lami.

"Kwa hivyo hapa nilinunua sura," akasema.

"Sura si kitu kibaya, mwalimu. Tuitafute kwa njia inayokurudisha nyumbani."

Nasema hivyo kwa dhati. Mtu kupenda pikipiki yake ionekane vizuri ni sababu ya kutosha, na sioni haja ya kumtafutia visingizio vya kiufundi. Visingizio ndivyo huleta maamuzi mabaya. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameambiwa kwamba tairi pana hushika barabara mara mbili ya lile la kawaida. Tulipokaa kusubiri chai alichukua kalamu akapiga hesabu nyuma ya risiti: kilo 100 zikikaa juu ya gurudumu la nyuma, na presha ikiwa psi 28, mpira unaogusa chini ni takriban sentimita 50 za mraba. Hesabu hiyo haiulizi tairi ni pana au jembamba. Kinachobadilika ni umbo la hapo panapogusa: kwa tairi pana ni pafupi kwenda mbele na parefu kwenda pembeni. Kuna faida ndani yake, hasa kwa pikipiki yenye injini kubwa inayoinama sana kwenye kona, na matairi mapana mara nyingi hutengenezwa kwa mpira bora. Ila kwa injini ya cc 150 inayotoka Kisumu kwenda Maseno, faida hiyo ni ndogo, na mtu anapaswa kujua hivyo kabla hajatoa pesa.

Kazi yenyewe ilianza kwa kutafuta mstari wa katikati. Hapa ndipo mafundi wengi hawana subira, na hapa ndipo kila kitu kinaamuliwa. Tuliisimamisha pikipiki wima kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, tukaiondoa injini uzito kwa kuweka gogo chini yake, kisha nikashusha timazi ya mwashi kutoka katikati ya shingo ya hendeli na nyingine kutoka katikati ya pale swingamu inaposhikwa na fremu. Swingamu ni ule uma wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Mstari unaounganisha alama hizo mbili sakafuni ndio uti wa mgongo wa pikipiki. Tairi likae juu yake, nusu kushoto na nusu kulia. Mtu akikuambia lisogee kidogo tu, mwulize kwa nini kiwanda hakikulisogeza.

Kutoka mstari huo hadi ubavu wa ndani wa cheni nilipata milimita 58. Sasa hesabu ni ya mtoto wa darasa la nne. Tairi la 3.00 lililokuja na pikipiki ni inchi 3, yaani milimita 76. Nusu yake ni 38, kwa hiyo linabaki na nafasi ya milimita 20 kufikia cheni. Tairi la 110 nusu yake ni 55: nafasi ni milimita 3. La 120 nusu yake ni 60: limeshapita cheni. La 130 ni 65. Mwalimu aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Hakuhitaji kushawishiwa tena kuliachilia lile la 130.

Na milimita 3 si nafasi. Cheni hupiga huku na huku ikiwa kazini, tairi huvimba kidogo mwendo ukiongezeka, na swingamu yenyewe hujipinda ukiingia shimoni na abiria nyuma. Mimi siridhiki na chini ya milimita 6. Kwa hiyo tulikuwa na njia mbili: kubaki na 100 tukafunga siku hiyohiyo, au kwenda 110 na kuisogeza cheni nje. Mwalimu alichagua ya pili. Tukaandika 110/80-17. Anayetaka kuelewa maandishi hayo: 110 ni upana kwa milimita, 80 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo, 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Baada yake huja namba ya uzito na herufi ya mwendo. Lile tulilonunua liliandikwa 57P. 57 maana yake kilo 230, P ni kilomita 150 kwa saa. La zamani la 3.00 lilikuwa 50P, yaani kilo 190.

Tulipokuwa dukani nilimwonyesha pia namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kuna matairi mapana yanayokaa sana rafuni kwa sababu wanunuzi ni wachache, mpira ukakauka huku bado unang'aa. Pinda kidole, bonyeza kati ya meno, angalia kama kuna nyufa nyembamba.

Rimu na spoki zilikula pesa kuliko tairi, na watu hushangaa kusikia hivyo. Tulipata rimu ya alumini ya 2.15 yenye matundu 36, sawa na habu yetu, kile kitovu cha gurudumu. Matundu kulingana kwa idadi hakutoshi. Pembe yake nayo ielekee habu, la sivyo spoki hupinda pale kichwani na kukatika moja baada ya nyingine. Spoki za zamani hazikufaa urefu. Tulipima, tukaagiza zilizokatwa upya na kutiwa nyuzi. Kusuka rimu ni kazi ninayoipenda kuliko zote karakanani. Unaanza zote zikiwa legevu, unakaza robo duru kwa zamu, ukitazama ncha ya msumari uliousimamisha karibu na rimu: ikikaribia kushoto unakaza za kulia, ikiruka juu unakaza za pande zote mbili hapo. Mwisho unagonga kila spoki kwa spana na kusikiliza. Zinazolia juu zimekazwa sana, zinazolia butu zimelegea. Rimu yenye sauti karibu moja mzunguko mzima itadumu.

Kwa kuwa rimu ni ya spoki, tairi linaloandikwa "tubeless" bado linahitaji tyubu, maana upepo hutokea kwenye nati za spoki. Tyubu iwe ya saizi ya tairi. Nimeona watu wakirudisha tyubu ya 3.00 ndani ya tairi la 110 ili kuokoa pesa. Inavutika, inakuwa nyembamba, na pancha yake huwa haina muda wa kukupa nafasi ya kusimama. Utepe wa rimu nao usisahaulike.

Kuisogeza cheni ndiko kulikotupeleka kwa mzee wa kukereza vyuma karibu na Kibuye. Ni mtu ninayemheshimu sana. Mashine yake ni kuukuu, mikono yake inajua sehemu ya kumi ya milimita. Nilimweleza tunataka cheni itoke nje milimita 4.

"Kijana wangu, mbele na nyuma?"

"Mbele na nyuma, mzee. Sawa kwa sawa."

"Basi kaeni chini tuongee."

Alisema wengi humjia wakitaka pete ya sproketi ya nyuma peke yake, yaani lile duara la meno linaloshika cheni. Ukisogeza ya nyuma bila ya mbele, cheni inakwenda mshazari, inakula meno ya sproketi upande mmoja, na siku moja inaruka. Ya nyuma ilikuwa rahisi: alikereza pete ya chuma ya milimita 4 ikakaa kati ya habu na sproketi, tukanunua bolti ndefu zaidi zenye ugumu uleule, na nati za kujifunga. Ya mbele ilitusumbua. Inakaa kwenye meno ya shafti inayotoka injini, na pale hakuna nafasi ya mchezo. Tulizunguka maduka ya spea hadi tukapata sproketi ya cheni ya 428 yenye kitovu kilichochomoza upande mmoja, meno ya ndani yakilingana na shafti yetu. Mzee aliipunguza kitovu hadi ikatupa 4 kamili, akahakikisha kile kibati cha kuizuia isitoke bado kinaingia kwenye mfereji wake.

Nilimwuliza kama tungeweza kwenda 10 ili mwalimu arudi kwenye 130 yake. Alikataa. Kadiri sproketi inavyokwenda mbali na beringi ya injini, ndivyo cheni inavyoikamua shafti kwa nguvu zaidi. Beringi inaanza kulia, kisha sili ya mafuta inavuja, kisha unafungua injini. Vilevile alikataa wazo la kukata swingamu na kuipanua. Bomba la swingamu lina ukuta mwembamba, na ukilichoma bila kifaa cha kulishikilia lisipinde, joto hulivuta. Ekseli inakaa upande, na hakuna kukaza spoki kutakakolirekebisha. Wapo wachomeleaji hodari wanaoweza kazi hiyo wakiwa na vifaa, na wao wenyewe watakuambia wanahitaji vifaa hivyo. Asiyeuliza chochote na kuwasha mashine mara moja, ondoka na pikipiki yako.

Upande wa kulia kuna breki, na huko ndiko nilikokuwa na wasiwasi zaidi. Boxer hii ina breki ya ngoma nyuma. Kuna fimbo bapa ya chuma inayotoka kwenye sahani ya breki hadi kwenye swingamu. Kazi yake ni kuizuia sahani isizunguke pamoja na gurudumu ukikanyaga breki. Tairi likiwa pana fimbo hii hukaribiwa, na nimewahi kuona pikipiki ambayo mtu aliitoa kabisa kwa kuwa "inasumbua". Bila fimbo hiyo, breki ya kwanza kali huizungusha sahani, inang'oa waya au fimbo ya kanyagio, na gurudumu linajifunga likiwa kwenye mwendo. Kwetu tuliipa nafasi kwa kuhamishia bolti yake nje kwa bushi iliyokerezwa, ikabaki nyoofu, na pini ya usalama ikarudi mahali pake. Kama ingebidi kuipinda, tungeshuka hadi 100.

Kabla ya kukaza chochote kwa mara ya mwisho, tulitoa shoki zote mbili za nyuma na kuinua gurudumu kwa mkono hadi juu kabisa, mahali litakapofika siku ukianguka kwenye shimo na mzigo. Jaribio hilo halina gharama yoyote. Kwa kipimo, tairi jipya lina kipenyo cha milimita 608 hivi, la zamani 584; maana yake limeongezeka kimo cha milimita 12 kila upande. Ndani ya madigadi kulikuwa na vichwa viwili vya bolti vilivyogusa mpira. Tukavigeuza, vichwa bapa ndani, nati nje. Mbele pia, pale swingamu inapoungana, tairi lilikaribia mno, tukalirudisha gurudumu nyuma kwenye mfereji wa ekseli na kuongeza pingili za cheni.

Kulinganisha magurudumu nilitumia uzi wa nailoni wa wavuvi, ule mwembamba unaopatikana popote karibu na ziwa. Unauzungusha nyuma ya tairi la nyuma, unavuta ncha zake mbili kwenda mbele kila upande, ukigusa mbavu za tairi la nyuma pande zote. Kwa kuwa la mbele ni jembamba, uzi hauligusi; unaacha mwanya. Mwanya wa kushoto ukiwa sawa na wa kulia, umemaliza. Usiamini zile alama za kukazia cheni zilizochorwa kwenye swingamu. Kwenye pikipiki hii upande mmoja ulikuwa mbele kuliko mwingine kwa nusu ya alama, na uzi ndio uliotuambia.

Kimo hicho kilichoongezeka kina madhara ambayo watu hawayatarajii. Stendi ya katikati haikuinua tena gurudumu la nyuma kutoka chini, na ya pembeni ilikuwa fupi, pikipiki ikilala mno. Tuliongeza kipande cha chuma kwenye kila moja. Kubwa zaidi ni gia. Tairi lenye kipenyo kikubwa kwa asilimia 4 ni sawa na kuifanya gia iwe ndefu kwa asilimia 4. Mjini hutasikia. Panda kutoka Mamboleo kwenda Riat ukiwa na abiria, utasikia: injini inalemewa mapema, unarudi gia ya chini pale ulipozoea kupita. Kama sproketi ya nyuma ina meno 42, ukiongeza mawili unarudisha karibu asilimia 5, yaani ile uliyopoteza na ziada kidogo. Tukaongeza mawili. Kipima mwendo hakikuguswa, kwani kwenye pikipiki hii waya wake hutoka gurudumu la mbele. Kwa zile zinazopimia kwenye gia au gurudumu la nyuma, mwendo unaousoma hauwi tena wa kweli.

Mwalimu aliiendesha wiki nzima kwenda kazini kabla hatujagusa sehemu nyingine yoyote, kwa ombi langu. Nilitaka aijue ikiwa na badiliko moja tu. Alirudi akasema haivuti tena upande, inatulia kwenye lami ya Kisian, ila kwenye kona inataka kusukumwa zaidi kabla haijainama, na mafuta yanaenda kasi kidogo. Yote ni kweli na yatabaki hivyo. Gurudumu ni zito zaidi na umbo lake ni pana.

Halafu mvua ikaja, akapita njia ya ndani kule Kano akitoka Ahero. Udongo mweusi wa Kano ukilowa hunata kama ugali usioiva. Tairi jembamba lenye meno hupasua hadi chini likapata pagumu. Pana la barabarani hupanda juu ya tope, meno yake yanajaa, na linakuwa duara laini. Madigadi nayo ilikuwa imebaki na mwanya mdogo, tope likajaa humo hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Alisukuma. Ndiyo sababu dereva wa bodaboda anayebeba abiria, mahindi au kreti za soda kwenye barabara za vijijini akiniomba tairi pana, namwambia hapana, na namweleza kwa utaratibu kwa nini. Tairi la 3.00 lenye tabaka sita limechaguliwa kwa kazi yake. Anayeishi kwa pikipiki hiyo akinyimwa siku mbili za kazi kwa sababu ya sura, ni watoto wake wanaolala bila kitu. Wengine hukasirika na kwenda kwingine. Sijabadilisha msimamo.

Sehemu nyingine za kubadilisha sura zilikwenda haraka. Mkia wa fremu tuliukata nyuma kabisa ya pale shoki zinapofungwa juu, si mbele yake hata kidogo, tukauunganisha kwa bomba lililopindwa nusu duara ili ncha mbili zisibaki zikielea. Taa za LED za kuonyesha kona zilianza kupepesa haraka kupita kiasi kwa kuwa zinavuta umeme mdogo. Rilei ya LED ikamaliza tatizo. Hendeli iliyonyooka ilidai waya za klachi, breki na mafuta zipitishwe upya: ukigeuza hendeli hadi mwisho kila upande na injini ikiwa imewashwa, mngurumo usipande. Madigadi fupi sana nilimshauri aiache, kwa mvua za Kisumu mgongo wake ungekuwa wa matope kila jioni na namba ya usajili isingesomeka. Alikubali nusu, tuliikata kidogo.

Egzosi alitaka yenye sauti nzito. Tulichagua inayonguruma chini bila kupiga kelele, maana kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 kuhusu kelele zipo, na majirani wapo zaidi. Ila egzosi na filta ya wazi huingiza hewa nyingi, na kabureta haijui hivyo mpaka umweleze kwa jeti kubwa, kile kitundu cha kupitishia petroli. Tulipanda saizi moja, tukaendesha, tukatoa plagi. Ncha nyeupe inasema injini ina joto na mafuta hayatoshi. Nyeusi yenye masizi inasema yamezidi. Kahawia ya maziwa ya chai ndiyo tunayoitaka. Tuliipata hapa Kisumu, mita 1,130 hivi juu ya bahari. Mwalimu ana ndugu Njoro, na alipopanda kupitia Kericho na Mau Summit hadi Nakuru, iliyo karibu mita 1,850, alinipigia simu akisema pikipiki imechoka na inanuka petroli. Hewa ya huko ni nyepesi. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, injini ya namna hii hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu, na jeti iliyofaa ziwani inakuwa kubwa mno. Nilimwelekeza kwa simu ashushe sindano ya kabureta mfereji mmoja. Mtu wa Nakuru akijenga pikipiki ya aina hii aanzie kwenye jeti ndogo kuliko yetu, asinakili namba za Kisumu.

Rangi ya pikipiki ilipobadilika mwalimu alikwenda kuirekebisha kwenye logbuku kupitia NTSA, mamlaka ya usafiri, na akamjulisha wakala wake wa bima mambo tuliyofanya. Namba ya fremu hatukuipaka rangi nzito wala kuisugua.

Spoki tulizikagua tena baada ya kilomita mia za kwanza, na kadhaa zilikuwa zimelegea, kama inavyotarajiwa kwa rimu mpya. Zikakazwa, hazijalegea tena. Ubavu wa kushoto wa tairi hauna alama ya cheni hata moja. Sasa mwalimu anaulizia tairi pana la mbele lifanane na la nyuma, na tumekubaliana tuanze kwingine: mbele bado kuna ngoma ndogo ya kiwandani, na unapofunga breki uzito wa pikipiki hukimbilia mbele. Nimempigia hesabu ya viatu vipya vya breki, waya mpya, na kukereza ngoma iliyoingia mawimbi. Mzee wa Kibuye ana nafasi Alhamisi.